Naomba mwongozo: wanafunzi kurekodi kumbukumbu za walimu wastaafu kuhusu shule zilipoacha kugawanywa kwa rangi, Dodoma

MwalimuMakole

Walimu na wadau wa historia, habari za kazi. Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili, kidato cha pili, hapa Dodoma mjini. Nataka wanafunzi wangu 40 warekodi kumbukumbu za walimu wastaafu waliokuwa kazini wakati shule za Waafrika, Wahindi na Wazungu zilipounganishwa, pamoja na maisha ya mitaa ya wakati ule: Majengo, Uhindini, Uzunguni, Kikuyu. Wazee sita wameshakubali kwa mdomo. Nina simu nne za kurekodia na wiki tano.

Nimeandika rasimu ya maswali kumi. La kwanza ni "Je, uliwahi kubaguliwa?" na la pili "Shule yenu iliunganishwa mwaka gani?" Naomba mniambie yanafaa au hayafai. Pia: tunarekodije vizuri, tunahakikije miaka wanayotaja, na ruhusa inatolewaje?

NyarakaKavu

Mwalimu, nianze na miaka, maana hilo swali la pili litakusumbua kuliko unavyodhani.

Wakati wa Mwingereza kila kundi lilikuwa na shule zake, ada yake na lugha yake. Sheria ya Elimu ya 1927 ndiyo iliyotumika mpaka ilipofutwa na ile ya 1961, iliyoanza kazi Januari 1962, mwezi mmoja baada ya Uhuru. Hapo rangi ikaondolewa kama kigezo cha kumpokea mtoto. Mwaka huohuo wa 1962 walimu wa serikali na wa mashirika ya dini wakawekwa kwenye utumishi mmoja. Kwa hiyo ukimuuliza mzee "mwaka gani", anayekumbuka sheria atakujibu 1962.

Lakini mlango ulifunguliwa, kizingiti kikabaki juu. Shule za msingi zilizokuwa za Wahindi ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza baada ya Uhuru, na zilikuwa na ada iliyowashinda wazazi wengi. Mtoto wa Kigogo aliyeanza darasa la kwanza akijua Kigogo na Kiswahili cha sokoni hakuweza kuingia darasa la tatu la shule hiyo hata kama sheria ilimruhusu. Walioingia mapema walikuwa watoto wa makarani, wa watumishi wa reli, wa walimu wenyewe. Wengi walikuja pale Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, kuanzia 1967. Mzee anayekumbuka sura za watoto darasani atakuambia 1967 au 1968, na hajakosea. Aliyefundisha shule ya misheni anaweza kukutajia 1970, maana Sheria ya Elimu ya 1969 ndiyo iliyoziweka shule za mashirika mikononi mwa serikali. Miaka mitatu, na yote ni kweli. Wanafunzi wakilazimisha mmoja, watakuwa wameuharibu ushahidi.

Kingine wanachopaswa kukijua kabla ya kwenda ni ngazi za wakati ule. Mwafrika alisoma darasa la kwanza mpaka la nne, akafanya mtihani, wachache wakaendelea na shule ya kati, la tano mpaka la nane. Mzee akisema "nilifaulu la nne", mtoto wa leo anaona ni jambo dogo. Halikuwa dogo hata kidogo, wengi waliishia hapo maisha yao yote.

Na msiwatafute watoto wakubwa wa Kizungu katika sekondari za hapa mjini. Kanda hii walipelekwa bweni Kongwa, kwenye majengo yaliyoachwa na mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ule ulioanza 1947 ukavunjika 1951. Mwishoni mwa miaka ya 1950 shule hiyo ilifungwa, na Iringa ikafunguliwa shule mpya ya Wazungu ambayo baadaye ikawa Mkwawa. Kwa hiyo mzee akisema "Wazungu hatukusoma nao", si lazima awe anazungumzia chuki. Hawakuwepo.

Majina ya shule nayo yana mtego. Alliance ya Kikuyu ndiyo iliyokuja kuitwa Mazengo, na leo eneo hilo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mzee mmoja anaweza kutaja majina yote matatu katika sentensi mbili, na mwanafunzi akaandika shule tatu.

MasikioMawili

Nakubaliana na NyarakaKavu. Mimi nashughulika na maswali tu.

Futa la kwanza. "Je, uliwahi kubaguliwa?" lina majibu ya aina mbili: "ndiyo" na kimya, au hotuba aliyoisikia redioni miaka hiyo. Yote mawili hayakupi kitu. Ubaguzi wa shule uliishi kwenye vitu vinavyoshikika, basi uliza vitu: njia, dawati, bomba, ada, daftari, kengele.

Mfano. "Mwalimu, ulikuwa unaishi mtaa gani ulipoanza kazi? Utoke nyumbani mpaka shuleni, ulipita wapi?" Mwache atembee njia hiyo kwa maneno. Mwenye kutembea hivyo atapita mbele ya maduka ya Uhindini, atavuka reli, atataja nyumba ambazo mtoto wa Majengo hakukaribia. Hapo ndipo unauliza "kwa nini hamkupita pale?" Halafu uingie darasani: walikuwa wangapi, walikaa wangapi dawati moja, nani alichagua nafasi, mwalimu aliita majina kwa utaratibu gani. Daftari lilinunuliwa au lilitolewa? Wakati wa mapumziko watoto walizungumza lugha gani, na mwalimu wa zamu alifanya nini akisikia Kigujarati au Kigogo? Chakula kililiwa wapi? Mpira walicheza timu zipi?

Kuna swali moja msilikose kwa mwalimu mstaafu: "Ulipopangiwa darasa lenye watoto mchanganyiko mara ya kwanza, ulibadilisha nini katika ufundishaji wako?" Walimu hukumbuka andalio la somo kuliko wanavyokumbuka siasa. Atakuambia alitafsiri hesabu za mafumbo, au aliwapanga kwa uwezo wa Kiingereza akagundua amewapanga kwa rangi bila kukusudia. Hiyo ni historia ambayo hamtaikuta kwenye faili lolote.

Maswali kumi ni mengi. Chukua sita, na kila moja liwe na "kwa mfano?" nyuma yake. Mzoeze muulizaji kuhesabu moja mpaka tano kimoyomoyo baada ya mzee kunyamaza. Vijana hukimbilia swali linalofuata, na mara nyingi mzee alikuwa anavuta pumzi tu kabla ya jambo lenyewe.

Ramani. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chukua karatasi ya manila nusu, mchore reli na stesheni kwanza, kwa sababu vyote vya mji huu vilipangwa kuizunguka tangu treni ilipofika mwaka 1910. Weka soko. Kisha mpe mzee kalamu ya risasi aendeleze mwenyewe: nyumbani, shule, bomba la maji, kanisa, msikiti, duka la kukopesha, kiwanja cha mpira. Asiyeweza kuchora aelekeze kwa kidole, mwanafunzi achore. Msimsahihishe hata akikosea upande. Mwisho mwambie aweke rangi tatu: palipokuwa pake, palipokuwa pa kupita tu, na palipokuwa pa kuogopa. Serikali ya kikoloni iligawa miji kwa maeneo ya Wazungu, ya Wahindi na biashara, na ya Waafrika, na majina Uzunguni na Uhindini ndiyo mabaki yake. Ramani ya mzee inaonyesha ni wapi mipaka hiyo ilivuja: fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, mpishi aliyelala Uzunguni, watoto waliokutana kiwanjani jioni.

Adabu ya kuingia: shikamoo kwanza, na kama ni Mgogo, "mbukwenyi" litafungua uso wake. Mwiteni Mwalimu, hata kama alistaafu miaka 25 iliyopita.

Kinasa

Upande wa sauti, nitakwenda moja kwa moja.

Simu iwekwe hali ya ndege kabla ya kuanza. Kwenye simu nyingi, simu ikiingia kurekodi hukatika na programu haikwambii. Zima na kengele ya saa. Chaji isiwe chini ya asilimia 70, na pawabenki iwepo.

Programu nyingi hurekodi M4A, yaani sauti iliyobanwa, takriban MB 58 kwa saa zikiwekwa kbps 128. WAV ya njia moja, ambayo haibanwi, ni takriban MB 320 kwa saa. Rekodi WAV kama nafasi ipo. Wazee sita, kila mmoja mara mbili kwa saa moja na nusu, ni saa 18, yaani chini kidogo ya GB 6. Flashi mbili za GB 16 zinatosha, moja kwako na moja kwa mkuu wa shule. Nakala ya pili ifanyike siku hiyohiyo. Simu ya mwanafunzi hupotea, hufutwa, huuzwa.

Kipaza sauti cha kubana kwenye nguo kinasaidia sana. Kikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na kanga au koti linalosugua. Kama hakuna, laza simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwenye stuli iliyo karibu na mzee, si mezani moja kwa moja, maana meza hubeba kila kishindo cha kikombe. Msirekodi barazani Juni mpaka Septemba, upepo wa Dodoma utawaachia ngurumo tupu. Msirekodi chini ya bati mvua ikinyesha. Chumba chenye kitanda, mapazia na mkeka ndicho kizuri. Sebule tupu yenye sakafu ya saruji hurudisha mwangwi.

Muda: saa tatu mpaka saa tano asubuhi. Baada ya hapo mzee amechoka na jua limekaza. Dakika 90 ni mwisho, hata akiwa bado anataka.

Mwanzo wa kila rekodi mwanafunzi aseme kwa sauti tarehe, mahali, majina ya waliopo, na kwamba mzee amekubali. Faili liitwe kwa mpangilio mmoja: mwaka-mwezi-siku, namba ya mzee, ziara ya kwanza au ya pili. Mfano, baada ya tarehe: M03_Z1, yaani mzee wa tatu, ziara ya kwanza. Jina la mzee lisiandikwe kwenye faili, liwe kwenye daftari lako tu.

Kuhusu watu: nyumbani waingie watatu, yaani muulizaji, wa simu na mwandishi. Sita au saba wakijaa sebuleni, mzee atahutubia badala ya kuzungumza.

Kunukuu kwa maandishi ndiko kunakoua kazi hizi. Saa moja ya sauti inamchukua kijana kama saa sita. Saa 18 ni saa 108 za kazi. Ukizigawa kwa wanafunzi 40 ni chini ya saa tatu kila mmoja, basi inawezekana, lakini igawe tangu wiki ya kwanza. Maneno ya Kigogo yaachwe kama yalivyosemwa, maana yake iwekwe pembeni.

BintiMpwapwa

Yaliyosemwa ni mazuri, ila naona mnaiweka rangi peke yake, na kwa Dodoma hilo halitoshi. Kwa mtoto wa Kiafrika wa kanda hii, ukuta aliougusa kila siku ulikuwa wa dini. Shule nyingi zilikuwa za misheni: CMS, yaani misheni ya Kianglikana, huku Mvumi, Kikuyu, Kongwa na Mpwapwa, Wakatoliki huku Bihawana na kwingineko. Mzazi Mwislamu alikuwa anapima: ampeleke mwanawe na hatari ya kubatizwa, au abaki nyumbani. Ndiyo maana kulikuwa na shule za jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, na shule za TAPA, chama cha wazazi wa Kiafrika, zilizokuwa na uhusiano na TANU. Mkiuliza rangi tu, mzee wa Majengo atawajibu kwa upole halafu atabaki na jambo lake moyoni. Ongezeni: "Shule uliyosoma ilikuwa ya nani, na ilikutaka nini ili ikupokee?"

NyarakaKavu

BintiMpwapwa ana haki. Ila tusichanganye: shule ya misheni ilikuwa na njia ya kuingilia, hata kama ilidai jina jipya. Shule ya Wazungu haikuwa na njia kabisa. Waulizwe yote mawili, kila moja kwa swali lake.

BintiMpwapwa

Sawa, hilo nalikubali.

Niendelee na mitaa. Msiishie 1962. Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka nchini baada ya hapo, na waliohamia kwenye nyumba zile walikuwa wapangaji wapya kabisa. Kwa hiyo Uhindini ya kumbukumbu ya mwalimu wa 1965 na Uhindini ya 1975 ni mitaa miwili yenye jina moja. Kisha 1973 uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa, CDA, mamlaka ya kuustawisha mji huu, ikaundwa, mji ukapanuka. Bila kuuliza "kabla au baada ya nyumba kuchukuliwa?" mtachanganya majirani wa nyakati mbili.

Tafuteni na upande wa pili. Wazee wa Kihindi waliobaki wapo, waulizeni kupitia maduka ya zamani na nyumba zao za ibada. Waliohama hupatikana kupitia ndugu zao, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp unatosha. Wazee sita wote wakiwa Waafrika, hadithi ya shule zilizounganishwa itakuwa ya upande mmoja.

Umri pia uangalie, Mwalimu. Aliyekuwa mwalimu wa miaka 20 Januari 1962 alizaliwa 1942, leo amevuka 80. Aliyekuwa mtoto wa miaka saba wakati huo alizaliwa 1955. Changanya hao wawili: mwalimu anajua kwa nini darasa lilipangwa vile, mtoto anajua ilikuwaje kukaa humo. Na usisubiri muhula ujao kwa wale wa kundi la kwanza.

Sasa vitabu. Omba kwa mkuu wa shule kongwe kitabu cha kuandikisha wanafunzi, miaka ya 1960 hadi 1970. Hesabuni kwa kila mwaka: waliosajiliwa wangapi, waliotoka shule gani, kazi ya mzazi, mtaa. Kazi ya mzazi itawaambia mengi kuhusu ada. Lakini msihesabu rangi kwa majina. Hussein anaweza kuwa Mgogo, Mrangi, Mwarabu, Msomali au Mhindi. Kama safu ya kitabu haisemi, andikeni "haijatajwa". Majina ya watoto yasitoke kwenye chumba hicho.

Picha za zamani zipigwe palepale nyumbani, kivulini, bila mwanga wa flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Pigeni na nyuma yake, mara nyingi tarehe iko huko. Msiiondoe picha nyumbani kwa mzee hata kwa nusu saa.

MwalimuMakole

Asanteni sana, nimefuta maswali saba. Bado mawili. Ruhusa iandikweje? Na mzee mmoja alipopigiwa simu alisema: "Tulichanganyika mwaka wa Uhuru, shule ikiwa kule Area C." Area C haikuwepo mwaka huo. Nimsahihishe?

NyarakaKavu

Ruhusa: barua ya utambulisho ya mkuu wa shule iende kwa mtendaji wa mtaa kwanza, hapo wazee hawatashangaa kuona vijana mlangoni. Kisha fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti. Iwe na nafasi za kuchagua: jina langu litajwe au lisitajwe, sauti isikilizwe darasani tu au pia iwekwe maktaba, sehemu fulani zifungwe mpaka nitakapofariki. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya ndugu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na dini, afya na familia ya mtu ni mambo ya kutunzwa kwa uangalifu zaidi. Wiki ya tano mrudishieni maandishi yake ayasomewe, na afute anachotaka. Hapa walimu wengi hukata njia, na ni kosa kubwa kuliko yote.

Mkitaka kuthibitisha kwa mafaili ya serikali, Nyaraka za Taifa zipo Dar es Salaam, na kwa kawaida nyaraka za umma hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo za miaka ya 1960 umri wake umeshafika. Kwa wiki tano hamtafika huko. Anzeni na vitabu vya shule.

MasikioMawili

Kuhusu Area C: usimsahihishe, na usibadilishe neno lake. Anakutajia mahali kwa jina la leo ili umwelewe, ni ukarimu huo. Muulize: "Mwalimu, wakati ule pale palikuwa panaitwaje? Palikuwa na nini?" Mara nyingi jina la zamani litatoka lenyewe, na wakati mwingine ni jina la Kigogo ambalo halimo kwenye ramani yoyote. Kwenye maandishi acha "Area C", na chini yake andika: jina lililokuja baada ya 1973.

"Mwaka wa Uhuru" nao upime kwa vitu. Wazee wengi hutumia "Uhuru" kwa kipindi chote mpaka Azimio la Arusha. Muulize: mshahara wa mwezi ule ulilipwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki au ya Tanzania? Yetu ilianza 1966. Shule ya msingi iliishia la saba au la nane? Ulifundisha hesabu kwa Kiingereza au Kiswahili? Ilikuwa kabla au baada ya watu kuhamishiwa vijijini kwenye Operesheni Dodoma? Hiyo ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Majibu mawili yakikubaliana, andika kipindi, kwa mfano "kati ya 1964 na 1966". Yasipokubaliana, andika yote kama yalivyo na urudi nayo ziara ya pili.

Kinasa

Nyongeza ndogo kwa ziara ya pili: nenda na ramani aliyoichora na kipande cha dakika mbili cha sauti yake mwenyewe, asikilize kwanza. Simu ya kuchezesha iwe tofauti na ile inayorekodi, na irekodi tangu sekunde ya kwanza ya kusikiliza, kwa sababu atakatiza.